Mtamba wa Mzee Ndahani na Taa Nyekundu

Sogeeni karibu, na mwenye kikohozi akohoe sasa. Hadithi hii naitoa kwa sharti moja: ikifika mwisho msinitazame mimi, maana jibu sina. Nimelitafuta miaka mingi, na kila nikidhani nimelipata anatokea mtu kama wewe hapo mbele na kulivuruga.

Kwenye mnada wa mifugo wa Chinyelele palikuwa na watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Bi Nyemo, karani wa ofisi ya vibali. Huyu alijaliwa masikio. Miaka kumi na minne alikaa meza moja na printa ya zamani, zile za kugonga, zenye utepe wa wino na karatasi ndefu yenye matundu pembeni. Angeweza kuwa uani anaongea na watu, printa ikikereza kule ndani, akakatiza mazungumzo na kusema, "Imefika kwenye tarehe." Ukienda kutazama, kweli, tarehe.

Wa pili ni Fundi Yaredi, mtengeneza redio na simu, ambaye kibanda chake kilitazamana na ofisi. Huyu alijaliwa vidole. Chochote chenye skrubu alikifungua na kukirudisha kilivyokuwa, bila skrubu hata moja kubaki mezani. Mafundi wa kwenu mnawajua: skrubu tatu zinabaki, anakwambia hizo hazikuwa na kazi.

Wa tatu ni Mama Mbeleje, muuza chai, na wateja wakipungua, mfumaji wa vitambaa vya kroshia. Huyu alijaliwa macho. Kitambaa chochote ulichokiona Chinyelele kimefunika redio, friji au mkono wa kochi, kilitoka mikononi mwake. Uzi akiuona mlangoni anakutajia duka ulikonunuliwa. Hata ile printa ya ofisi alikuwa ameifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, isiingie vumbi la ng'ombe.

Halafu kuna Mzee Ndahani, ambaye hakujaliwa chochote isipokuwa shaka. Ukimpa kiti, alikitikisa kwanza. Ukimpa maji, alisubiri unywe wewe. Ng'ombe wake aliwahesabu mara mbili kila asubuhi, kisha mara ya tatu ili ajue kama zile mbili hakujidanganya. Alitembea na fimbo iliyopigiliwa nchani msumari uliokatwa kichwa, na kwa msumari huo alifunua kila alichokikuta kimefunikwa: mdomo wa gunia, pazia la mlango, hata sufuria ya wenyewe. Watu walimzoea. Walisema, mwacheni, ndivyo alivyo.

Sasa basi. Mzee huyu alikuwa na kijana wake, Masinga, aliyechumbia binti wa kijiji cha Nzali. Mahari ilikuwa ng'ombe kumi na wawili. Mwaka wa kwanza ng'ombe walikufa kwa ukame kabla ya kupelekwa. Mwaka wa pili wajomba wa binti wakatuma neno: ng'ombe waingie zizini kesho asubuhi, wajomba wote wameshakusanyika, na wasipoingia basi tena, yupo mwingine anayepiga hodi. Masinga alikuwa ametangulia Nzali na shati jipya. Kijana wa watu alikuwa amekonda kwa kungoja.

Juu ya hilo, serikali ilikuwa imetangaza karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo. Kuanzia saa kumi na mbili jioni ile, ng'ombe yeyote asingevuka kizuizi cha barabara kuu kwa siku arobaini. Kutoka mnadani hadi kizuizini ni mwendo wa saa nzima kwa lori. Kwa hiyo lori lilipaswa kuondoka saa kumi na moja, kibali mkononi, au ndoa ya Masinga iishe kabla haijaanza.

Mzee alifika na ng'ombe kumi na watatu. Kumi na wawili wa mahari, na wa kumi na tatu mtamba mwekundu mwenye mimba ya kwanza, mzuri kupita wote. Huyo alikuwa wa akiba. Alishuku kwamba wakwe watamkataa ng'ombe mmoja kwa visingizio.

Daktari wa mifugo alikuwa ameshawakagua, amesaini na kwenda zake. Kilichobaki ni kuchapa. Bi Nyemo akabonyeza, printa ikaanza kukereza, ikaandika JINA LA MMILIKI, ikaandika NDAH, ikatoa mlio na kusimama. Taa nyekundu ikawaka pembeni, ikakaa hivyo hivyo.

Mzee akainama kuisoma ile karatasi. "Mbona imekwama kwenye jina langu?"

"Imekwama tu, Mzee," akasema Bi Nyemo.

"Walionitangulia asubuhi walipata?"

"Wawili walipata."

"Ehe!" Mzee akanyooka. "Wawili walipata. Ya kwangu ikafika NDAH ikachoka."

"Subiri kidogo, Mzee wangu."

Neno hilo, subiri kidogo, Mzee alilichukia kuliko homa. Akasema, basi andika kwa mkono. Bi Nyemo akasita kumkumbusha, maana jambo lenyewe lilikuwa la aibu. Kizuizini hawakupokea tena kibali cha mkono. Miaka mitatu nyuma kuna ng'ombe waliibwa wakapita kwa vibali vya kughushi, na katika mkutano uliofuata mtu mmoja alisimama akagonga fimbo chini na kusema hataki kuona tena mwandiko wa mtu kwenye kibali, mwandiko unadanganya, mashine haidanganyi. Mtu huyo ni Mzee Ndahani. Na printa za kisasa hazikufaa, kwa sababu kibali kilikuwa na karatasi tatu zilizobebana, nyeupe ya mwenye mali, ya njano ya kizuizini, ya waridi ya ofisi, na bila kugongwa ile ya chini haipati kitu.

"Mwite fundi," akasema Mzee, kisha papo hapo akajutia kusema, kwa kuwa alikumbuka kwamba dada yake Yaredi ameolewa na mfanyabiashara mmoja aliyemfuata Mzee asubuhi ile ile akitaka kuwanunua ng'ombe wote kumi na wawili. Karantini ikianza, si atawachukua kwa bei ya kutupa? Lakini Yaredi alikuwa ameshavuka njia, bisibisi mfukoni mwa shati.

Na kabla fundi hajakaa, Mama Mbeleje naye akaingia na birika na vikombe.

"Nani amekuita?" akauliza Mzee.

"Hakuna, babu. Nimeona watu wamesimama, nikajua wana kiu."

Mzee akamtazama usoni. Saa nane na nusu, jua la kupasua kichwa, na mtu analeta chai bila kuitwa! Akawatazama wote watatu, karani, fundi na muuza chai, jinsi walivyozoeana, jinsi walivyopokezana vikombe bila hata kuulizana nani anaweka sukari. Akaona njama imekamilika mbele ya macho yake. Alimwona Masinga amesimama Nzali na shati lake jipya, anatazama barabara tupu.

Hapo ndipo akasema maneno ambayo mpaka leo yanasumbua watu.

"Sikilizeni. Yule mtamba mwekundu hapo nje mnamwona? Atakayeizima taa hii, kibali changu kikatoka kabla ya saa kumi na moja, mtamba ni wake."

Kisha Mzee akavuta kiti mpaka mlangoni, akaketi, akalaza fimbo kutoka mwimo hadi mwimo. "Na hatoki mtu."

Fundi Yaredi alianza kwa kusema tatizo ni karatasi, kwani wote huanza hapo. Bi Nyemo akainua mkono.

"Si karatasi. Karatasi ikiisha au ikikaa upande hulia mara tatu. Leo imelia mara tano. Zima, washa, tunyamaze."

Wakanyamaza. Printa ikawashwa, kichwa cha kuchapia kikatoka kushoto, krrr, kikafika mahali kikakwama, printa ikalia mara tano, taa ikawaka. Akasema rudia. Wakarudia mara sita. Kila mara alifumba macho na kusogeza kidole juu ya meza, kana kwamba yeye ndiye kichwa cha printa. Mara ya sita akafungua macho, akaweka kidole juu ya kifuniko.

"Hapa. Hakikwami ghafla. Kinavutwa. Kwanza sauti inakuwa nzito, halafu ndiyo inakwama. Chini ya hapa kuna kitu kinakivuta."

Mzee mlangoni alijiuliza amejuaje. Mtu hajui kilipo kitu asichokiweka mwenyewe.

Yaredi akazima umeme, akafungua. Skrubu moja, mbili, tano. Kila akitoa skrubu aliitia mfukoni.

"Weka mkono nje!" Mzee akanguruma. "Unaficha nini?"

Fundi wa watu akasimama, akageuza mfuko. Skrubu zikatoka zimechomekwa kwenye kipande cha sponji, kwa mpangilio, ya kwanza mpaka ya tano.

"Naziweka kwa zamu zake, Mzee, nisije nikazichanganya. Nikuachie wewe uzishike?"

Mzee akazipokea. Tangu hapo fundi wa Chinyelele alifanya kazi na mzee mlangoni akimshikia skrubu kwa kiganja kilicholoa jasho.

Yaredi akatoa utepe wa wino, akafuta ufito wa chuma ambao kichwa huteleza juu yake, akatazama chini pale Bi Nyemo alipoonyesha. Hakuona kitu. Fundi mwingine angekisukuma kichwa kwa nguvu kipite, na mngesikia mlio wa jino la plastiki likivunjika, na hadithi ingeishia hapo. Yaredi alikisogeza kwa kidole kimoja, taratibu, kama mtu anayemsogeza mtoto aliyelala. Kilipofika mahali pale akaacha.

"Dada Nyemo kasema kweli. Kinavutwa. Nasikia kinanirudisha. Lakini sioni chochote, na nikilazimisha navunja." Akaketi kwenye visigino. "Nimefika mwisho wangu."

Saa kumi ikapita. Nje, dereva wa lori alipiga honi. Mzee alihisi machozi ya hasira, akayazuia, maana hakutaka wale watu watatu wamwone.

Mama Mbeleje alikuwa akikusanya vikombe. Akainama kuchukua kile kilichokuwa karibu na mashine, akabaki vile vile, ameinama.

"Fundi, sogea unipishe mwanga." Akatazama tena. "Huu hapa. Mweupe juu ya plastiki nyeupe, ndiyo maana hamuoni. Ni uzi. Umejizungusha kwenye hilo gurudumu dogo la mkanda."

"Tuuvute," akasema Yaredi.

"Usiuguse! Huu ni wa nyuzi mbili zilizosokotwa. Ukiuvuta unakatika, nusu inabaki ndani." Akachomoa sindano yake ya kroshia kwenye nywele, akaipenyeza, akaanza kuufungua kwa kuuzungusha kinyume na ulivyosokotwa. Aliuhesabu chini kwa chini, mzunguko kwa mzunguko. Kumi na tisa. Kisha ukatoka, urefu wa mkono mzima, akauinua juu.

Akautazama uzi ule, na uso wake ukabadilika.

"Huu wangu," akasema. "Nilinunua Dodoma mjini, duka la Mhindi aliyehama. Hakuna mwingine mwenye uzi huu hapa."

Mzee akasimama. Ikawa kama ameshinda kesi. "Nilijua! Chai bila kuitwa! Uzi wako, sindano yako, na mtamba wangu ndiye uliyekuwa unamwinda!"

Mama Mbeleje alikwenda kwenye kiti cha pembeni, kilipokunjwa kile kitambaa cha kufunikia printa, akakikunjua mbele ya dirisha. Katikati ya maua palikuwa na tundu, na kutoka kwenye tundu uzi ulikuwa umechomoka na kufumuka.

"Panya," akasema Yaredi.

"Panya anatafuna. Hapa pamenaswa pakavutwa." Akapitisha kidole kwenye lile tundu. Kisha akageuka polepole, akatazama mlangoni, na wenzake nao wakatazama. Wote watatu walitazama mahali pamoja.

Mzee Ndahani alitazama fimbo yake. Kwenye msumari, pale ulipokatwa kichwa, palikuwa na kiuzi cheupe kimeganda.

Akakumbuka. Wiki mbili nyuma alipokuja kuomba ukaguzi, aliiona printa imefunikwa, akasema mbona mmeifunika, mnaficha nini, akaingiza fimbo na kufunua. Kitambaa kilinasa. Alikivuta. Siku zote hizo kitambaa kilikuwa kinadondosha uzi ndani ya mashine, kidogo kidogo, mpaka leo.

Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Angeweza kukana. Mdomo ulifunguka kukana.

"Ni mimi," akasema. "Nisameheni, wanangu."

Hakuna aliyecheka. Yaredi akanyoosha kiganja kuomba skrubu zake, akazirudisha zote tano, akaweka utepe. Umeme ukawashwa. Kichwa kikateleza kushoto hadi kulia bila kigugumizi. Lakini taa bado ilikuwa nyekundu.

"Inangoja kubonyezwa kitufe tu," akasema Bi Nyemo, "ndipo ikubali kwamba imepona."

Mikono mitatu ikainuka. Mitatu ikasimama hewani. Kila mmoja alimkumbuka yule mtamba, na kila mmoja alimwona mwenzake amekumbuka. Bi Nyemo alikuwa wa kwanza kusema, "Mimi ndiye karani." Yaredi akasema, "Fundi hukabidhi kazi mwenyewe." Mama Mbeleje akasema, "Mlikuwa mmeshindwa nyote."

"Asibonyeze mtu!" akasema Mzee, na kwa kuwa muda ulikuwa unakwisha akawapenya katikati, akanyoosha kidole chake mwenyewe, akabonyeza.

Taa ikazimika. Printa ikakereza, nyeupe, ya njano, ya waridi, na jina likatoka lote: NDAHANI. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika kumi.

Wakamfuata mpaka kwenye lori. Bi Nyemo akasema bila masikio yake wangeng'ang'ana na karatasi mpaka jioni. Yaredi akasema bila vidole vyake printa ingebaki imefungwa, au ingevunjika. Mama Mbeleje akasema bila macho yake wangekuwa wamepiga magoti hapo mpaka sasa, na tena yeye ndiye aliyetobolewa kitambaa. Yaredi akamgeukia: "Kitambaa chako ndicho kilicholeta balaa lenyewe!" Na dereva, ambaye hakuulizwa, akasema kutoka dirishani, "Mzee alisema atakayeizima taa. Aliyeizima mimi nimemwona, ni yeye mwenyewe."

Neno lile la dereva lilimwingia Mzee, na alijishuku kwa jinsi lilivyompendeza.

"Nikirudi nitaamua," akasema. "Mtamba abaki hapa, mtunzeni nyote watatu."

Lori likavuka kizuizi dakika tano kabla ya muda. Asubuhi ng'ombe kumi na wawili waliingia zizini Nzali, na wajomba hawakumkataa hata mmoja. Masinga alicheka mpaka akalia. Mzee Ndahani alilala kwa wakwe siku tatu, na inasemekana huko alikunywa maji bila kusubiri mtu atangulie.

Siku ya tano alirudi Chinyelele, moyo mweupe, akakuta ofisi kimya. Chai hakuna. Bi Nyemo alikuwa na chupa yake ya chai kutoka nyumbani, na droo yake, ambayo miaka kumi na minne haikuwa na kufuli, sasa ilikuwa na kufuli. Yaredi alikuwa amegeuza meza ya kibanda chake ili aone mlango wa ofisi. Printa ilikuwa wazi, haina kitambaa, vumbi limetanda.

Mtamba mwekundu alisimama katikati ya uwanja na kamba tatu shingoni. Moja ilifungwa kwenye nondo za dirisha la ofisi, moja kwenye nguzo ya kibanda cha fundi, moja kwenye mti wa banda la chai. Kila mmoja alikuwa ameivuta ya kwake, ikakaza, wenzake wasije wakamtorosha. Mbele ya kila mlango palikuwa na ndoo ya maji iliyojaa. Mtamba alinyoosha shingo huku, akanyoosha kule, na hakuifikia hata ndoo moja.

Mzee aliona kiu ile, akaona macho ya wale watatu, na akayajua macho hayo, kwa kuwa yalikuwa yake. Akaiegemeza fimbo ukutani. Akachomoa kisu, akasimama karibu na shingo ya mtamba.

Hapo ndipo nilipomwacha, ameshika kisu, na mtamba ana kiu. Kuna kamba ya masikio, kuna kamba ya vidole, kuna kamba ya macho. Na kuna mkono ulioshika kisu, uliotoboa kitambaa kisha ukaizima taa.

Haya, wewe uliyenisikiliza tangu mwanzo, kisu nimekupa: unakata kamba zipi, na ipi unaiacha?